Mwaloni Uliopakwa Chokaa

Kama unakaa upande wa kusini wa Stockholm, ipo siku umebebwa na Concessa bila kumjua. Ni yule dereva wa basi mwenye miwani minene, anayesubiri bibi mwenye kigari cha kutembelea akae kwanza ndipo aondoe gari, hata kama abiria wengine wanatazama saa. Anakaa Rågsved na mumewe, Obedi. Mtoto wao mmoja, Jonas, ameshahamia kwake. Kwao Concessa ni Ngara, na ukimuuliza habari za Ngara tafuta kiti kwanza, maana hatakuachia mapema.

Nataka kuwasimulia habari za Concessa na mti mmoja. Ila kabla ya mti, mjue ni mtu wa namna gani. Alikuja Sweden kumfuata Obedi, aliyekuwa amekuja kujifunza ufundi wa mitambo ya kiwanda cha karatasi. Akakuta giza, akakuta theluji, akasema mimi nitaendesha basi. Watu wakacheka. Mtahini akamwangusha kwenye mtihani wa kuendesha juu ya barafu. Akarudi, akaangushwa tena. Akarudi tena, mpaka yule mtahini alipomwona mlangoni akauliza, "Wewe tena?" Concessa akamjibu, "Mimi tena. Funga mkanda twende." Siku hiyo alipata leseni.

Sasa twende kwenye mti.

Waumini wanaosali kwa Kiswahili hapa mjini ni mchanganyiko: Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi. Kiangazi hukutana kwenye nyumba ya zamani ya mbao pembeni mwa msitu, nje kidogo ya Jakobsberg, waliyoazimwa na chama cha wenyeji wa pale. Mbele ya nyumba umesimama mwaloni, ule mti wa nchi za baridi ambao Waingereza huuita oak. Nikisema mwaloni usifikirie kijiti cha bustani. Watu watatu wakishikana mikono hawaukumbatii wakaumaliza. Shina lina pango juu kidogo ya kichwa cha mtu, na gome lake lina mifereji ambayo kidole kinazama.

Mwaka huo ikaja habari kwamba mwezi wa saba askofu kutoka Tanzania angepita kuwatembelea. Ikaundwa kamati. Mwenyekiti akawa Maina, Mkenya wa Hässelby, mtu wa kompyuta, mpole lakini hapendi aibu. Mkewe, Jennifer, akapewa chakula. Concessa akapewa mazingira.

Wewe uliyesoma shule za kwetu unajua mgeni mkubwa akija kinachofanyika. Majani yanafyekwa, mawe ya njiani yanapangwa, halafu inakuja ndoo ya chokaa. Mawe yanapakwa, na vigogo vya miti vinapakwa kuanzia chini mpaka kifuani, mstari ukiwa umenyooka kana kwamba umepigwa rula. Concessa alikuwa kiranja wa mazingira shule ya bweni. Alijua chokaa inachanganywaje, na chumvi kiasi gani inatiwa ili isipukutike. Kwake yeye mti usiopakwa chokaa siku ya mgeni ni sawa na mtu aliyekuja harusini na kandambili.

Alhamisi ya wiki ya ugeni alikuwa na mapumziko. Akanunua chokaa duka la vifaa vya ujenzi, akamchukua rafiki yake Tereza, msusi kutoka Bukavu, wakaenda. Walipofika kwenye mwaloni wakaona gome limeshikwa na kitu kama ukoga, cha kijivu kinachoelekea njano, kimetapakaa kwenye mifereji.

"Mti unagonjwa hii," Tereza akasema.

"Tutausafisha," akasema Concessa, akaleta ufagio mgumu.

Wakasugua mpaka vumbi la njano likawajaa nguoni. Halafu wakapaka chokaa. Upande wa nyuma kulikuwa na kichaka cha miiba, brashi haikufika vizuri, na Concessa akasema huko askofu hapiti. Jioni Maina alipokuja akapiga picha, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la waumini. Hongera zikamiminika. Mmoja akaandika kwamba sasa panafanana na nyumbani. Concessa alirudi Rågsved kwa treni akiwa na chokaa kwenye nyusi, ameridhika.

Kesho yake, Ijumaa mchana, alikuwa pale peke yake akipanga mabenchi, akamwona mwanamke mmoja wa Kiswidi anatoka msituni na mkoba mgongoni. Aliitwa Ylva, mtaalamu wa mazingira wa manispaa. Alikuja kuchukua kisanduku cha kijani alichokuwa ametundika kwenye tawi la mwaloni, chombo cha kunasa sauti za popo. Alipouona mti akasimama. Hakupiga kelele. Akauzunguka taratibu, akagusa ile chokaa kwa ncha ya kidole, kisha akakaa chini kwenye majani.

Concessa aliwahi kutukanwa na walevi ndani ya basi, na hilo halimsumbui. Ukimya ule ulimsumbua. Akamsogelea.

"Nani amefanya hivi?" Ylva akauliza.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Tuna mgeni Jumapili. Kwetu mgeni akija tunapaka miti chokaa yenye chumvi, papendeze."

Ylva akainuka. Akatoa mfukoni kilenzi kidogo, kama cha fundi saa. "Njoo nikuonyeshe."

Wakapenya kwenye kile kichaka cha miiba. Nyuma kabisa, chini ya kinundu cha gome, palibaki kiraka ambacho ufagio haukukifikia, kikubwa kama kiganja. Kwa macho matupu kilikuwa ule ule ukoga. Concessa akaweka lenzi jichoni, akainama. Akaona matone ya njano, madogo, mengi, yamesimama mstari kwenye ukingo wa gome kama samli iliyomwagika ikaganda. Akatazama mpaka mgongo ukamuuma.

"Hii ni nini?"

"Ni lav," Ylva akasema. Ndilo jina la Kiswidi la vile viumbe vinavyoota juu ya magome na mawe, nusu kuvu nusu mwani, vinakula hewa na mvua. Hii ya matone ya njano, akaeleza, haioti kwenye mti mchanga: inataka mwaloni mzee wenye gome lenye mifereji, na mialoni ya namna hiyo inazidi kupungua. "Katika msitu huu wote nimeikuta kwenye mti huu tu. Ilikuwa imejaa pande zote."

Concessa akatazama ufagio wake uliokuwa umeegemezwa ukutani.

"Na hii iliyobaki?"

Ylva akaonyesha kinundu kilichokuwa juu ya kile kiraka. Kilikuwa cheupe pe. "Utabiri unasema mvua kesho jioni. Maji yatashuka na chokaa na hiyo chumvi, yatapita hapa hapa. Lav hii haivumilii chokaa."

"Basi tulete mashine ya maji tuoshe sasa hivi."

"Hapana. Mashine itaing'oa. Halafu humo pangoni kuna popo wamezaa. Ukiwatikisa mama zao watahama, na watoto bado hawajui kuruka." Akashusha pumzi. "Nitaita watu wanaojua kazi hii, lakini ni Ijumaa ya Julai. Mapema sana ni Jumatatu. Na itabidi niandike taarifa."

"Andika, na jina langu uliandike sawasawa, lina s mbili," Concessa akasema. "Lakini mvua haingoji Jumatatu. Niambie inatolewaje kwa mkono."

Ylva akamweleza. Sponji yenye unyevu, isiyodondosha hata tone. Aanzie juu ya kiraka, kisha aende pembeni. Apanguse kwenda juu, asishushe. Kila anapopangusa, chini yake kiwepo kitambaa kikavu cha kudaka maji. Asikwangue, na asiguse kile kiraka kabisa. "Ni kazi ya polepole mno," akasema. "Na siwezi kukuahidi kwamba itasaidia."

"Nimelisha mtoto uji," Concessa akasema. "Mkono mmoja kijiko, mkono mwingine kidevuni. Naijua."

Alianza mchana ule ule, Ylva amesimama nyuma yake mpaka alipoona mkono umeshika mtindo. Ilipofika jioni, jua la Julai bado liko juu ya miti, Maina na Jennifer wakaja na gari kuleta masufuria. Wakamkuta kachuchumaa kichakani, mgongo umewaelekea, na mwaloni umetoka baka refu la kahawia kwenye ule weupe.

"Dada Concessa," Maina akasema, "ni nini unafanya?"

Akawaeleza yote. Maina akavua kofia, akaivaa tena.

"Sasa ona. Mimi sikatai, hiyo maneno ni mbaya. Lakini askofu anafika keshokutwa. Si ungengoja amalize ibada, Jumatatu tuje wote?"

"Mvua ni kesho, Mwenyekiti."

"Basi tufunike na plastiki. Tuzungushe mti mzima, tufunge na kamba."

"Nimemwuliza yule mtaalamu. Plastiki inapiga kelele na upepo, na mdomo wa pango ni pale juu ya kichwa chako. Popo watakimbia waache watoto."

"Ati tena popo," Jennifer akasema, akarudi nyuma hatua moja. "Wee, mimi na popo hapana. Na hii mti sasa inakaa kama mbwa wa upele. Heri ingebaki vile ilikuwa kabla hujaanza."

"Kabla sijaanza jana au kabla sijaanza leo?"

Jennifer akacheka bila kutaka. Maina hakucheka. Yeye ndiye angesimama getini kumpokea mgeni, na ile picha ya mti mweupe ilikuwa imeshafika mpaka kwa askofu mwenyewe, naye akajibu kwa kidole gumba. Akamwomba tena, safari hii kwa upole, kama mdogo anavyomwomba dada yake. Concessa akakamua sponji, akabadilisha kitambaa.

"Maina, mdogo wangu, nikiacha leo, Jumapili tutakuwa na mti mzuri na kitu kilichokufa nyuma yake. Askofu hatakiona. Mimi nitakuwa nakiona."

Maina akashusha masufuria.

Usiku huo nyumbani Obedi alikuwa na la kusema. "Mama Jonas, umeosha mtoto, umeosha mume, sasa umefika kwenye miti."

"Mume alikuwa mgumu zaidi."

Wakampigia Jonas kumwomba aje kusaidia. Jonas akajibu kwa Kiswidi kama kawaida yake, kwamba yuko kazini, na kwamba ule ni mti tu, mamma. Concessa akamwambia sawa, mwanangu, ule chakula. Hakumlaumu. Hata yeye Alhamisi alidhani ni mti tu.

Jumamosi alikuwa na zamu ya asubuhi. Akaendesha basi lake, akarudisha gari, na bila kupita nyumbani akapanda treni na sare yake ya udereva. Alipofika Jakobsberg akawakuta Obedi na Tereza wanamsubiri stesheni. Tereza alikuwa amefunga saluni siku ya Jumamosi, na kwa msusi hilo si jambo dogo.

"Maman Concessa," akasema, "mimi pia nilishika ufagio. Usifanye kama ulikuwa peke yako."

Wakaingia kazini. Concessa juu ya kiraka, Tereza upande wa kulia, Obedi wa kubadilisha maji na vitambaa. Chokaa ya juu juu ilikubali sponji. Ile iliyoingia ndani ya mifereji ilikataa. Tereza akatoa kwenye mkoba wake miswaki laini anayosafishia nywele za mteja pembeni mwa uso, wakaendelea na hiyo. Kwenye nyufa nyembamba kabisa wakatumia pamba za masikio. Obedi alitazama zile pamba, akafungua mdomo, mkewe akamtazama, akaufunga.

Saa za alasiri upepo ukageuka. Utabiri ulikuwa umesema jioni, lakini mawingu hayakusoma utabiri. Kinundu kilikuwa kimebaki na weupe mwembamba ndani ya nyufa, na juu yake bado kulikuwa na eneo zima ambalo hawajaligusa. Tone la kwanza likampiga Concessa kwenye miwani.

"Hatumalizi," Obedi akasema.

"Hatumalizi," Concessa akakubali. Akatazama mti kutoka chini kwenda juu, namna maji yatakavyoshuka. "Basi maji yasipite hapa. Yapite kwingine. Nipe kitambaa kirefu."

Vyote vilikuwa vimelowa chokaa. Kilichokuwa kikavu ni kimoja: kitenge kipya kwenye mfuko wake, sare ya akina mama waliyokubaliana kuivaa siku ya askofu, alichokichukua kwa fundi akitoka zamu, kimeshashonwa gauni.

"Mama Jonas, hicho sicho," Obedi akasema.

Concessa akakata mshono kwa meno, akakichana kitenge chote kwa urefu. Wakashika ncha huku na huku, wakakisokota kama unavyosokota ngata ya kubebea ndoo, ngumu, nene. Kisha wakaizungushia shina juu ya kinundu, lakini si sawasawa. Wakaifunga mshazari, upande mmoja juu, upande mwingine chini, na Concessa akaikandamiza ndani ya mifereji ya gome kwa vidole gumba mpaka hapakubaki mwanya. Obedi akafunga fundo upande wa mbele.

Mvua ikaja kamili. Wakasimama pale pale wanalowa, wanatazama. Maji meupe kama maziwa yakateremka, yakafika kwenye ile ngata, yakasita, yakaanza kufuata mshazari kuelekea upande wa mbele, upande ambao lav yake ilishakufa. Chini ya kinundu pakabaki pakavu. Kila ngata ilipolegea Concessa aliikandamiza tena. Akakaa hivyo, mikono juu, muda wote wa mvua, miiba imemshika mikono ya shati la kazi.

Tereza alikuwa wa kwanza kusikia gari. Ni Jennifer, amekuja na chupa ya chai na mwavuli. Akatazama pango lililokuwa juu ya vichwa vyao, akasali kidogo, akaja akasimama karibu, akamshikia Concessa mwavuli juu ya kichwa.

"Atoke tu mmoja," akasema, "mimi nimeenda."

"Mvua hii hawatoki. Mimina chai."

Jumapili askofu akafika. Mawe ya njiani yalikuwa meupe, mabenchi yamenyooka, na katikati mwaloni umesimama na mabaka, umefungwa kitenge cha akina mama kiunoni. Concessa alikuwa amevaa gauni lake la zamani la bluu katikati ya wenzake wenye sare. Maina alimpokea mgeni getini kama ilivyopangwa, na alipoona macho ya askofu yanaelekea kwenye mti hakungoja kuulizwa.

"Baba Askofu, tuliupaka chokaa tukaharibu viumbe adimu. Huyu dada yetu anaokoa vilivyobaki. Huo mti ndio umevaa sare yake."

Askofu akamtazama Concessa, akautazama mti. "Basi mwambieni mti nao uimbe," akasema, na watu wakacheka, ibada ikaanza. Baada ya chakula Maina alikunja mikono ya shati lake jeupe, akauliza sponji ziko wapi.

Mwezi ule wote walikwenda kwa zamu mpaka chokaa ya kutoka ikatoka. Taarifa ya Ylva ilipelekwa inakopelekwa. Concessa aliitwa, akaeleza, akapewa onyo, akasema onyo amelisikia. Popo walibaki. Kuhusu kile kiraka Ylva hakutaka kusema kitu, kwa sababu viumbe hivi vinakufa polepole kama vinavyoishi. Mpaka mwaka mwingine, akasema.

Mwaka mwingine ulipofika, majani ya mwaloni yakiwa bado machanga, wakaingia kichakani pamoja. Ylva alikuwa na picha ya zamani na rula. Akapima, akalinganisha, akapima tena.

"Kipo," akasema. "Hakijaongezeka, hakijapungua. Kiko hai."

Concessa akaomba lenzi. Matone yalikuwapo. Akayatazama, kisha akazunguka upande wa mbele, akalitazama gome tupu alilolisugua.

"Huku kitarudi lini?"

"Sijui kama kitarudi. Kama kikirudi, mimi na wewe hatutakuwepo."

"Na mti huu ukianguka?"

"Ukianguka kabla hakijapata mti mwingine, basi."

"Mti mwingine upi?"

Ylva akampeleka mpaka ng'ambo ya njia. Ndani ya misonobari iliyobanana ulikuwa umesimama mwaloni mdogo, mdogo kwa hesabu ya mialoni, maana ulikuwa mnene kuliko Obedi. Matawi yake ya chini yalikuwa yamekufa kwa kukosa jua. Ylva akasema huu ungeweza kuja kuwa mzee wa kutosha, lakini misonobari itausonga kabla. Kuipunguza kumeshapangwa na ruhusa ipo. Watu wa kuifanya ndio hawapo.

"Ipi inatolewa?"

"Yenye utepe mwekundu."

Concessa akavua koti, akalitundika. Akaenda kwenye gari la Ylva akarudi na msumeno wa mkono, akapiga goti kwenye ukoka mbele ya msonobari wa kwanza wenye utepe. Akaujaribu msumeno kwenye gome, akauvuta, akapata mkao. Kisha akampigia Obedi simu, akaiweka kwenye spika pale chini ili mikono iwe huru.

"Baba Jonas," akasema, huku anakata, "mwambie Maina Jumamosi aje na viatu vya kazi. Na Jonas umwambie pia. Akisema ni mti tu, mwambie ndiyo, ni mti tu, nao hauna watu wengine ila sisi."